Kanisa la Mkunazini: Historia ya Bibi Zetu Tunayoipita Kila Siku



Mji Mkongwe una jengo moja ambalo wageni wanalijua kwa ndani na sisi wenyeji tunalijua kwa nje tu. Ni Kanisa la Mkunazini. Tunalipita tukitoka Darajani na mifuko ya vitambaa, tunalitumia kuelekezana njia, mnara wake tunauona kila siku. Lakini ukimuuliza mwanamke wa Unguja mle ndani mna nini, atakujibu, “Si ndipo palipokuwa soko la watumwa?” na mazungumzo yanaishia hapo hapo.

Sisi ni wanawake sita wa karakana moja ya ushonaji. Tunashona magauni ya harusi, mabuibui na sare za skuli. Tulikubaliana tufunge cherehani asubuhi moja, tulipe kiingilio kama wageni wengine, tuchukue muongozaji na tusikilize mwanzo hadi mwisho. Tunayoyaandika hapa ni yale tuliyoyaona siku hiyo, pamoja na historia tuliyoisoma kabla na baada ya ziara. Tumewaandikia nyinyi hasa mnaojiandaa kuolewa, na sababu yake mtaiona mbele.

Kwanza, je, inafaa kuingia?

Hili ndilo swali la kwanza tuliloulizwa majumbani. Wanazuoni wametofautiana. Wapo walioruhusu Muislamu kuingia kanisani, wapo waliochukia, hasa penye picha na masanamu. Kila mmoja wenu amuulize shekhe au ustadhati anayemwamini. Sisi tuliuliza, tukaelezwa kwamba kwenda kujifunza habari za mji wako si kwenda kuabudu, na kwamba nia ndiyo inayotenganisha mambo.

Tukakumbushwa pia mama zetu wawili, Umm Salama na Umm Habiba (R.A.). Walihama kwenda Uhabeshi, nchi ya mfalme Mkristo, na huko waliliona kanisa. Waliporudi walimuelezea Mtume (S.A.W.) uzuri wake na picha zilizokuwemo. Yeye akawafundisha kuhusu hatari ya kujenga juu ya makaburi ya watu wema na kuweka picha humo. Kwa hiyo mwanamke Muislamu kuliona kanisa na kulisimulia si jambo lililoanza leo. La muhimu ni aingie na dini yake na atoke nayo.

Tulivaa mabuibui yetu kama kawaida. Hakuna aliyetushangaa, na pale mlangoni tuliheshimiwa.

Soko lilikuwa kabla ya kanisa

Muongozaji alianzia nje, na alifanya vizuri, kwa sababu historia ya pale haianzi na kanisa. Mkunazini ndipo lilipokuwa soko la mwisho la wazi la watumwa mjini Unguja. Watu walitekwa bara, wengi pande za Ziwa Nyasa, wakatembezwa kwa miguu hadi pwani, kisha wakapakiwa majahazini, wengi kupitia Kilwa. Waliofika hai waliuzwa hapa. Wengine walibaki visiwani kufanya kazi katika mashamba ya karafuu yaliyopanuka zama za Seyyid Said, na wengine walivushwa kwenda Arabuni na kwengineko.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na Waingereza, kupitia balozi wao John Kirk, wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini na kufunga masoko. Hakusaini kwa furaha. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikitishia kuizingira bandari. Lakini alisaini, na soko la Mkunazini likafungwa.

Mwaka huo huo wamisionari wa Kianglikana waliweka jiwe la msingi la kanisa juu ya uwanja ule. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere. Huyu ni mtu ambaye sisi wasemaji wa Kiswahili tuna habari naye hata kama hatumjui kwa jina. Ndiye aliyekaa na watu wa Unguja, akakusanya hadithi zao na kuzichapisha mwaka 1870, na akaandika kitabu cha sarufi ya lugha yetu. Kiunguja alichokisikia vibarazani ndicho kilichokuja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu miaka ya 1930.

Ndani ya kanisa

Ukiingia, jambo la kwanza ni ubaridi na mwangwi. Paa ni la mviringo kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, limejengwa kwa simiti iliyochanganywa na mawe ya matumbawe, yale yale ya nyumba zetu za Mji Mkongwe. Inasimuliwa kwamba wengi waliamini litaanguka. Halijaanguka hadi leo.

Karibu na mlango wa magharibi zipo nguzo zilizosimamishwa juu chini. Habari inayosimuliwa ni kwamba mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa safarini, na aliporudi akaziacha. Sisi mafundi wa kushona tulicheka, maana kila fundi anaujua mshono ulioshonwa upande wa ndani nje.

Mbele, sakafuni karibu na madhabahu, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Muongozaji alitueleza kwamba hapo ndipo palipokuwa na mti waliofungwa watumwa na kuchapwa, na ile nyekundu inawakilisha damu. Hapo kicheko cha nguzo kilikatika. Nyuma ya madhabahu amezikwa Steere mwenyewe, aliyefariki mwaka 1882.

Ukutani kuna msalaba wa mbao. Mbao hizo zimetoka katika mti wa kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Kila mgeni anaelezwa habari hiyo. Sisi tuliongeza ya kwetu: katika msafara wa Livingstone alikuwemo mwanamke mpishi aitwaye Halima. Livingstone alimtaja katika shajara yake, akamsifu kwa kazi yake, na akaandika kwamba atamwacha huru na kumnunulia nyumba na bustani Unguja wakifika. Yeye Livingstone hakufika, alifia njiani. Jina la Livingstone limo kanisani, la Halima halimo, na pengine ni kazi yetu sisi wenye majina kama lake kulitaja.

Kuna pia habari inayosimuliwa kuhusu saa ya mnarani, kwamba ni zawadi ya Sultani Barghash. Na kutoka pale nje unauona mnara wa kanisa na mnara wa msikiti vikiwa jirani. Mji wetu ndivyo ulivyo, na umekuwa hivyo kwa zaidi ya miaka 100.

Vyumba vya chini na wale watano

Baada ya kanisa tuliteremshwa chini ya jengo la jirani, kwenye vyumba viwili vyenye dari ya chini kiasi cha kulazimika kuinama, na vitundu vyembamba vya kupitisha hewa. Wageni huambiwa kwamba watumwa walihifadhiwa humo kabla ya kuuzwa. Ni haki mjue kwamba wapo wanahistoria wanaolitilia shaka hilo, kwa kuwa jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari, na soko wakati huo lilikuwa limeshafungwa. Tunalisema hili kwa sababu dini yetu inatutaka tuthibitishe habari kabla ya kuipokea. Lakini shaka kuhusu chumba si shaka kuhusu soko. Soko lilikuwepo, mkataba wa kulifunga upo, na watu waliouzwa walikuwa watu kweli.

Nje, ndani ya shimo la mraba, wamesimama watu watano waliochongwa, wamefungwa kwa mnyororo shingoni. Ni kazi ya msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, ya miaka ya mwisho ya 1990. Wamewekwa chini ya usawa wa ardhi, kwa hivyo unawatazama kwa juu, kama mnunuzi. Mmoja wetu alirudi nyuma akaenda kukaa kivulini, na hatukumuuliza kitu.

Tulisikia pia mgeni mmoja akisema kwa sauti kwamba haya yote ni kazi ya Waislamu. Tusikasirike tukakana, na wala tusikubali lisilo kweli. Biashara ile ilikuwa na mikono mingi: matajiri wa Kiarabu na Waswahili, wafanyabiashara wa Kihindi waliotoa mikopo, machifu wa bara waliouza mateka, wapandaji wa Kifaransa waliotaka vibarua wa mashamba ya miwa katika visiwa vyao, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliotaka pembe na karafuu bila kuuliza nani amezibeba. Na ndiyo, Waislamu walikuwemo, tena mbele. Surat An-Nisaa inatuamrisha kusimamia uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Na Surat Al-Balad, ilipoieleza njia ngumu ya kupanda, ilianza na kumwacha huru mtumwa. Wenye kosa ni waliolisoma hilo kisha wakaenda Mkunazini kununua.

Mwanamke hakuwa huru mwaka 1873, wala 1897

Hapa ndipo historia inapotugusa sisi wanawake kuliko wanaume. Mkataba wa 1873 ulifunga biashara, haukuwaacha huru waliokuwa tayari majumbani na mashambani. Miaka 24 ikapita. Aprili 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed, ikatoka amri ya kuufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimbidi aende mahakamani kuuomba.

Lakini masuria hawakuhusishwa. Amri ile iliwahesabu kama watu wa nyumbani kwa bwana, mfano wa wake. Mwanamke aliyenunuliwa Mkunazini akiwa msichana akafanywa suria, hakuwa na ruhusa ya kwenda kuomba uhuru wake kama aliokuja nao jahazi moja. Ilibidi asubiri hadi mwaka 1909. Miaka 36 baada ya soko kufungwa.

Na masuria hawa ni nani? Ni bibi zetu. Katika sheria ya Kiislamu mtoto wa suria ni huru, anamrithi baba yake sawa na ndugu zake. Ndiyo maana hata katika ukoo wa kifalme Sultani Majid alikuwa mtoto wa suria wa Kicherkesi. Sultani Barghash, huyo huyo aliyefunga soko, mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Seyyida Salme, aliyekimbilia Ujerumani na kuandika kumbukumbu zake mwaka 1886, mama yake alinunuliwa utotoni na jina lake Jilfidan. Ikiwa jumba la Sultani lilijaa watoto wa wanawake walionunuliwa, nani katika sisi atajitapa kwamba nasaba yake haijapita Mkunazini?

Wapo wasichana waliokombolewa majahazini na manowari za Kiingereza wakakabidhiwa kwa misheni. Walipelekwa Mbweni, ambako magofu ya skuli yao yapo hadi leo. Mwalimu wao wa miaka mingi alikuwa Caroline Thackeray, aliyekuja Unguja mwaka 1877 na kufia hapa mwaka 1926. Walifundishwa kusoma, kuandika na kushona. Wengi walibatizwa, huo ndio ukweli wa skuli ile. Lakini tunapokaa kwenye cherehani zetu tunawakumbuka pia wasichana wale, waliopewa sindano baada ya mnyororo.

Kaniki, kanga na buibui

Tunawaletea sasa jambo tunalolijua vizuri, nalo ni nguo.

Zamani Unguja ungemjua mtumwa kwa kumtazama. Mwanamke mtumwa alivaa merikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilicholetwa kutoka Marekani, au kaniki iliyotiwa nili. Alikifunga chini ya makwapa, mabega wazi, kichwa wazi, miguu mitupu. Kufunika kichwa kulikuwa alama ya muungwana. Mtumwa hakuruhusiwa.

Zilipokuja kanga, miaka ya mwisho ya karne ya 19, na uhuru ukafuata, wanawake waliokuwa wakivaa kaniki waliziendea kanga kwa mikono miwili. Moja kiunoni, moja kichwani. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, wakavaa na buibui, vazi ambalo kabla yake lilionekana kwa wanawake wa koo kubwa. Hawakuamrishwa na serikali wala na bwana. Walifunika vichwa vyao kwa sababu sasa walikuwa na haki ya kuvifunika, na kwa sababu walikuwa Waislamu waliotaka stara waliyonyimwa.

Mkumbuke Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, katika familia yenye asili ya utumwa, akauza vyungu kabla ya kuja mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Taarab inayopigwa kwenye harusi zetu inapitia kwake.

Kwa hiyo, bi harusi, unapokuja kupimwa buibui lako la kwanza la ndoa, au unapofungwa kanga siku ya singo, jua umevaa nini. Wapo wanawake wa mji huu waliosubiri hadi 1909 ili wapate uhuru wao.

Swali la posa

Soko limefungwa zaidi ya miaka 150. Mnyororo umebaki kwenye sanamu. Lakini kuna kitu kimoja cha Mkunazini ambacho bado kinatembea majumbani mwetu, nacho ni lile swali linalonong’onwa posa inapofika: “Asili yao nini hao?” Haliulizwi ili kujua tabia. Linaulizwa ili kujua bibi yake fulani alikuja Unguja kwa njia gani. Katika karakana yetu tumeshashona nguo ya harusi iliyolipiwa nusu na haikuja kuchukuliwa, kwa sababu shangazi mmoja alipata jibu la swali hilo. Binti alikuwa anaswali, amesoma, ana adabu. Kosa lake alizaliwa nalo, na halikuwa kosa.

Tunajua wanazuoni wa fiqhi wamelizungumza suala la kafaa, na si kazi ya mafundi cherehani kuwahukumu. Lakini walitufundisha pia kwamba kafaa ni haki ya binti na walii wake, wanayoweza kuiacha. Haikuwekwa iwe fimbo ya kumchapia mtu aliyekwisha achwa huru na Mola wake.

Tazameni nyumba ya Mtume (S.A.W.). Aliyemlea, Umm Ayman, jina lake Baraka, alikuwa mtumwa wa Kihabeshi aliyeachwa huru, na Mtume alimheshimu kama mama. Akaolewa na Zayd bin Haritha, naye mtumwa aliyeachwa huru, wakamzaa Usama. Kisha Fatima binti Qays, mwanamke wa Kikureshi, alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, Mtume alimshauri aolewe na Usama. Mwanzo hakupenda. Akatii, na Allah akatia kheri katika ndoa ile hadi wenzake wakamwonea wivu. Hiyo ndiyo posa tunayotaka isimuliwe siku ya kumfunda mwari.

Mkitaka kwenda

Nendeni asubuhi, kabla ya jua kali na kabla ya makundi ya watalii. Epukeni Jumapili wakati wa ibada, kama ambavyo tusingependa kuzungukwa na kamera wakati wa swala ya Ijumaa. Ombeni muongozaji anayezungumza Kiswahili. Wapo, na hadithi ikisimuliwa kwa lugha yetu inaingia zaidi. Waulizeni kuhusu wanawake, maana msipouliza mtaelezwa zaidi kuhusu maaskofu. Mchukueni mama, shangazi au mkwe mtarajiwa, na mkitoka mpitishieni pale kwenye duara jeupe dua kwa wote waliouzwa hapo, waliokufa wakiwa Waislamu Allah awarehemu.

Na posa ikija nyumbani kwenu, ulizeni dini, ulizeni tabia, ulizeni anafanya kazi gani na anamtendeaje mama yake. Lile swali jengine liacheni lifungwe, kama soko lilivyofungwa.

Allah atujaalie ndoa zenye mapenzi na huruma, atuondolee kibri cha nasaba, na awape wali wetu hekima. Aamin.